Pafu la Kuazima

Nolfa aliuliza swali moja tu:
"Hiyo ni damu yake?"
Yote ni yake, nikamwambia.
Mpira huu wa kinenani unaitoa nyeusi kama zambarau,
huu wa shingoni unairudisha nyekundu,
na kati yake kisanduku, kidogo kuliko mkate,
kinafanya kazi iliyomshinda Rosamel tangu Jumanne.
Akanyoosha kidole, akaugusa mpira.
"Una joto," akasema.
Hakuuliza tena.

Ni panya wa mkia mrefu, kinyama cha kuingia mfukoni,
aliyelala baridi nzima katika kibanda cha kuni.
Rosamel alifungua mlango, akafagia,
vumbi likapanda, akapiga chafya, akacheka.
Wiki tatu baadaye anazama kitandani, pakavu,
na mashine tumekuja nayo sisi,
lakini kitanda cha kumlaza nayo kiko Santiago,
na Santiago iko kule,
kilomita elfu moja na mia tatu za hewa
asiyoweza kuivuta.

Watu husema nguo ya kuazima haisitiri.
Hawakusema kitu juu ya pafu.

Kabla ya kumwinua tulihesabu kwa sauti:
mitungi minne ya oksijeni,
betri mbili,
koleo nne,
na mpini wa dharura, ambao kila safari
naufunga mwisho nikiomba usifunguliwe.
Yanett alishika kichwa. Mimi nilishika mipira,
kama mkunga na kitovu kisichokatwa.
Hatua. Simama. Hatua.
Mlangoni mwa lifti tulimpitisha
kama uzi tunduni mwa sindano,
na mfagizi wa zamu akaweka ndoo chini, akavua kofia,
nikataka kumwambia: bado, kaka, ivae.

Upepo wa Balmaceda hauna adabu.
Uliitikisa ndege kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya kopo.
"Shikeni," akasema Kapteni Oyarzún.
Tushike nini? Mikono yetu yote ilikwisha kujaa yeye.

Dakika ya arobaini na moja, juu ya mawingu,
pampu ilinyamaza.
Si king'ora kilichonitisha.
Ni ule ukimya chini ya king'ora.
Nikabana, nikachomoa, nikaufunga mpini, nikaachia,
nikazungusha.
Kuna watu husema *roho mkononi* wakimaanisha hofu.
Mimi nilikuwa nayo kiganjani, na ilikuwa nzito,
ilikuwa na uzito wa mtema kuni wa miaka thelathini na minne.
Mpira wa shingoni ulikuwa umeanza kufifia.
Yanett alihesabu. Nikazungusha
kama anayesaga nafaka ya nyumba ya jirani,
bega likawaka, ngozi ikachunika,
dakika nne nzima,
mpaka Ibacache, amelala kifudifudi kati ya viti,
akauona waya uliochomoka.
Sentimita moja.
Pampu ikarudia mvumo wake wa nyuki
na hakuna aliyesema neno hadi tukaona taa za mji.

Kupumua na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja.
Nilikuwa nikiyatumia maneno hayo kila siku
bila kujua kwamba yanafahamiana.

Santiago. Kitanda namba saba. Nilikabidhi karatasi,
mizunguko elfu tatu na mia mbili,
lita nne na nusu,
dakika nne za mkono: nikaziandika pembeni kwa kalamu tofauti.

Simu ikalia saa sita usiku.
Ndege ilikuwa haina nafasi ya Nolfa. Alikuwa kituo cha basi,
nyuma yake mtu akitangaza mabasi yaliyochelewa.
"Mimi ndiye niliyemwambia afagie," akasema.
Nimesomea mambo mengi. Hilo sikusomea.
Akasubiri. Halafu:
"Ule mpira. Bado una joto?"

Ningeweza kumsomea namba.
Niliweka simu begani, nikavua glavu,
nikaushika kwa kile kiganja kilichochunika,
kikaniwasha.

Una joto, nikasema.
Una joto.